Tupeane uzoefu: Ulijifunzaje kutengeneza slaidi shirikishi na video za wanafunzi?

Mwl Hesabu:
Walimu wenzangu, habari za leo. Nianze mimi.

Slaidi zangu za kwanza nilizitia madoido yote: maneno yanaruka, picha zinazunguka, makofi kila nikibofya. Wanafunzi wakacheka, kengele ikalia, hakuna aliyejumlisha sehemu hata moja.

Nikaanza upya. Slaidi moja, swali moja: 1/2 + 1/3. Chini yake majibu, kila jibu kitufe chenye kiungo. Anayechagua 2/5 haambiwi "umekosa". Anapelekwa slaidi inayomuuliza: "Ulianza na 1/2 ukaongeza. Mbona 2/5 ni ndogo kuliko 1/2?" Kisha kitufe cha kurudi. Hapo ndipo niliwasikia wanabishana.

Kilichonitesa: mtoto akibofya pembeni ya kitufe, slaidi inasonga na jibu linaanikwa. Wa PowerPoint, ingieni kwenye mipangilio ya mpito wa slaidi, mwondoe tiki ya kusonga kwa kubofya, slaidi zote.

Nyie je?

Bi Baiolojia:
Mie ni video. Nilieleza mzunguko wa damu dakika 40 bila kupumua, kumbe maiki nimeizima! Siku hizi narekodi humo humo kwenye PowerPoint, slaidi kwa slaidi. Nikikosea narudia hiyo moja tu. Ila ukihama slaidi nyamaza kwanza, sauti hairekodiwi slaidi inapobadilika. Sentensi zangu kibao zilikatwa vichwa.

Na dakika 40 za nini? Kuna utafiti wa 2014 kuhusu video za kozi za edX, jukwaa la masomo ya mtandaoni, ulipitia mara milioni 6.9 ambazo video zilitazamwa. Hata video iwe ndefu vipi, muda wa kati wa kutazama haukuvuka dakika 6. Sasa valvu za moyo zina video yao peke yake.

Mgeni Darasani:
Samahani wakuu, slaidi zangu nimezigeuza MP4 (faili la video), vitufe havifanyi kazi. Nimekosea wapi?

Fundi Slaidi:
Hujakosea, ndivyo ilivyo. Ikishakuwa MP4, viungo vyote vimekufa. Ukitaka wabofye, wape faili lenyewe la slaidi. Ukitaka swali ndani ya video, jaribu H5P, zana ya kutengeneza masomo shirikishi: unachagua sekunde, unapachika swali, unaiamuru video isimame ili ajibu.

Usijisahau tu. Mimi nilinogewa nikapachika swali karibu kila nusu dakika, binti mmoja akaniambia, "Mwalimu, video yako ina kigugumizi."

Bi Baiolojia:
😂😂 Kigugumizi!

Mwl Hesabu:
Mnacheka, mwenzenu nina moja ya dakika 8 yenye maswali 11, na nimeshawatumia. Ngoja nikaipunguze kabla hawajaifungua.