MREJESHO: Mti wa kuweka kwenye boksi la tarantula

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza niweke kipande cha mti gani kwenye boksi la kioo la tarantula wangu, yule buibui mkubwa mwenye manyoya, aina ya wanaoishi ardhini, bila kumdhuru. Asanteni sana wote mliojibu.

Msonobari na mwerezi niliachana nao kabisa. Mlisema utomvu na mafuta ya miti hiyo si salama kwa buibui, na harufu ile ikifungiwa ndani ya kioo, hata mimi ingenishinda. Nikachukua gome la koki, lile gome jepesi la mti linalotengenezewa vizibo vya chupa, lililojikunja kama mfereji, nikalimwagia maji yanayochemka, nikalianika likakauka kabisa, kisha nikafukia kingo zake kwenye udongo lisije likabiringika. Mwanzoni hakulijali. Sasa amechimba chini yake, mlangoni katandaza utando mweupe, na mchana huoni hata mguu.

Tawi nililookota nje ndilo limegoma. Nililichemsha kama mlivyoelekeza, lakini upande uliogusa udongo wenye unyevu ukaota ukungu mweupe wenye manyoya. Nikasugua, ukarudi. Nimelitoa. Aliyesema mti ulioanza kulainika hauokolewi kwa kuchemsha alikuwa sahihi. Gome la koki liko kwenye unyevu uleule na halijaota kitu.

Ushauri wa kumwekea tawi refu la kupanda sikuufuata: huyu ni mzito, akianguka tumbo linaweza kupasuka. Mwenye tarantula wa mitini, hilo halikuhusu. Wako anataka gome lililosimama wima.