MREJESHO: Kushuka Bright Angel, Grand Canyon, na kurudi siku hiyohiyo

Wadau, niliuliza kama inafaa kushuka kwa njia ya miguu ya Bright Angel, katika korongo la Grand Canyon huko Arizona, Marekani, hadi Mto Colorado na kupanda siku moja. Jibu: hapana, hasa kiangazi. Geuzia Havasupai Gardens, kituo cha njiani kabla ya mto: kilomita 7.2 kwenda, mteremko wa takriban mita 925. Inatosha kabisa.

Njia ni ya Wahavasupai, wenyeji wa asili wa korongo hilo, tangu zamani. Baadaye mfanyabiashara Ralph Cameron akaitoza dola 1 kwa kila mpanda mnyama.

Panga muda hivi: ukishuka kwa saa mbili, tenga nne za kupanda. Anza alfajiri, na kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni uwe kivulini. Huko chini joto hupita la juu kwa nyuzi 10 hivi.

Maji yana mitego miwili. Kwanza, bomba kuu hupasuka mara kwa mara, na mabomba ya njiani mengine hufungwa majira ya baridi. Soma tangazo la hifadhi kuhusu maji kabla ya kushuka na beba lita 3 au 4 hata hivyo. Pili, maji matupu bila chumvi hushusha sodiamu mwilini: kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa. Dalili zinafanana na za kuishiwa maji, kwa hiyo mtu huzidi kunywa na kuzidi kuumia. Kula karanga za chumvi kila unapopumzika, hata kama huna njaa.

Mkikutana na msafara wa baghala wanaobeba watalii, simama upande wa mwamba, kamwe si ukingoni, mpaka wa mwisho apite.