Waraka wa shule wa Januari: kurasa nane za Kiingereza, na yenye maana wameificha chini kabisa

Wazazi wenzangu mlioko Marekani, salaam. Uzi huu ni wa hasira na sitauremba.

Kila Januari, watoto wakirudi tu kutoka likizo ya Krismasi, shule za sekondari zinatuma ule waraka mrefu wa habari na vikumbusho. Unaufungua kwenye simu: picha ya kwaya, matokeo ya mpira wa kikapu, fulana za shule zinauzwa, tiketi za dansi. Unashuka, unashuka. Huko chini, kati ya tangazo la maegesho na la makoti yaliyookotwa, kuna mstari mmoja unaosema mwisho wa kubadilisha masomo ni Ijumaa. Mstari huo unaweza kumgharimu mtoto mwaka mzima. Na umeandikwa Kiingereza, kwa mzazi ambaye siku ya kuandikisha mtoto alijaza fomu ya lugha ya nyumbani akaandika waziwazi: Kiswahili. Ile fomu waliijazisha ya nini?

Wengine wanajitetea kwamba waraka una kitufe cha kutafsiri. Kibonyeze uone maajabu. Darasa la 12 wanaitwa sinia, mashine inatoa "wazee": wazee wote wapimwe kofia na gauni. Darasa la 11, wanaoitwa junia, wanakuwa "wadogo". Muhula wa pili, ambao kwa Kiingereza ni wa "spring", unakuwa "muhula wa chemchemi". Lenye madhara zaidi ni neno krediti, yaani pointi za kuhitimu: mashine inaandika "mkopo". Mtoto aliyefeli somo na kupangiwa kulirudia, mzazi anaandikiwa kwamba mwanawe "anahitaji kurejesha mikopo". Mama wa watu anaanza kuulizana na majirani ni nani aliyemkopesha mtoto hela. Shule nayo inaweka tiki kwamba mzazi amearifiwa.

Sasa tuelewane kisheria. Shule inayopokea fedha za serikali kuu haina hiari hapa. Sehemu ya Sita ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kubaguliwa kwa asili ya taifa, na kumnyima mzazi taarifa muhimu kwa sababu ya lugha kumo humo. Mkalimani ni wa shule na ni bure. Kumtumia mtoto mwenyewe kutafsiri kikao kinachomhusu ni aibu, maana hakuna mtoto atakayekutafsiria sawasawa sentensi "amekosa kipindi cha hesabu mara kumi na moja". Na karani akikwambia siku hizi ni Kiingereza tu, mjibu hivi: amri ya rais ya Machi 2025 iliyotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi haikufuta sheria iliyopitishwa na Bunge mwaka 1964.

Nije kwenye krediti, maana ndiko watoto wetu wanakoumia.

Katika shule nyingi somo la mwaka mzima ni krediti 1, na kila muhula unabeba nusu. Ripoti za katikati ya muhula ni onyo tu. Alama ya mwisho wa muhula ndiyo inayoingia kwenye transkripti, yaani rekodi ya masomo na alama zake zote za sekondari. Kuna wilaya zinazofunga muhula wa kwanza kabla ya Krismasi, na kuna zinazofunga katikati au mwisho wa Januari. Mtoto wako akiwa kwenye hizi za pili, mitihani iko wiki mbili tu baada ya likizo, na kazi ambazo hakuwasilisha Desemba huenda bado zinapokelewa. Ulizeni leo, si baada ya ripoti.

Mtoto akipata F ya Kiingereza muhula wa kwanza, kompyuta ya shule haimsimamishi. Januari inamsukuma kwenye nusu ya pili ya somo lilelile kama vile hakuna kilichotokea. Mzazi anaona ratiba mpya, anadhani mambo yako sawa. Ile nusu imebaki shimo, na shimo hilo linakuja kuonekana darasa la 12, mwezi wa nne, gauni la mahafali limeshalipiwa.

Pigeni hesabu wenyewe. Kentucky wanadai krediti 22. Texas ni 22 kwa mpango wa msingi na 26 ukiongeza mchepuo maalumu. Jiji la New York wanasema 44, lakini msishtuke, wao wanahesabu kila muhula kuwa krediti nzima. Kwa 22 katika miaka minne, kila muhula mtoto avune 2.75. Maana yake muhula wa kwanza ukifungwa, darasa la 9 awe na 2.75, la 10 awe na 8.25, la 11 awe na 13.75, na la 12 awe na 19.25. Akiwa chini ya hapo ana deni la masomo, hata kama anakwambia kila siku "niko sawa, baba".

Na jumla peke yake inadanganya. Mtoto anaweza kuwa na krediti 20 na bado asihitimu, kwa sababu zimerundikana kwenye masomo ya hiari huku historia ya Marekani haijakamilika. Kwa watoto wetu kuna mtego mwingine: darasa la Kiingereza kwa wageni. Mahali pengine linahesabiwa kama Kiingereza cha kuhitimu, mahali pengine linatupwa kwenye masomo ya hiari. Kijana anasoma miaka miwili, anapata A, halafu anaambiwa bado anadaiwa Kiingereza cha darasa la 9. Mwulizeni kaunsela, yaani mshauri wa masomo wa shule, swali moja lililonyooka: krediti hii imeandikwa kwenye safu gani? Asijibu kwa mdomo. Awaonyeshe kwenye karatasi.

Halafu kuna hili la lugha ya kigeni, linaniudhi kupita maelezo. Mtoto anaongea Kiswahili, Kifaransa na Kibembe, anakalishwa Kihispania cha kwanza ili apate krediti ya lugha. Upo mtihani wa kupima ujuzi wa lugha uitwao STAMP, na Kiswahili kimo. Majimbo mengi yana muhuri wa lugha mbili unaowekwa kwenye diploma (California ndio walioanza, 2011), na wilaya nyingi zinatoa krediti kwa alama za mtihani wa namna hiyo. Lakini mitihani hii hupangwa kipindi hikihiki cha baridi hadi masika, na tangazo lake limejificha ukurasa wa mwisho, pembeni mwa picha ya klabu ya Kihispania. Onyo kwa vijana waliokulia huku: kuongea wanaweza, kuandika ndiko wanakoangukia. Waandike insha mbili tatu za Kiswahili kabla ya siku yenyewe.

Mtihani mwingine wa msimu huu ni wa kupima Kiingereza kwa wanaojifunza. Majimbo mengi, Kentucky na Maine yakiwemo, yanatumia ACCESS wa WIDA. Texas wana TELPAS, Ohio wana OELPA, Iowa wana ELPA21, California wana ELPAC. Yote inapima kusikiliza, kusoma, kuongea na kuandika. Wanafunzi wa sekondari wanaudharau kwa sababu hauna alama kwenye ripoti. Wanajibu kwa neno mojamoja kwenye kipaza sauti ili wamalize haraka, na sehemu ya kuongea inawaangusha. Matokeo yake wanabaki kwenye vipindi vya lugha mwaka mwingine, na kipindi hicho kinakula nafasi ya kemia au hesabu. Mwambieni mtoto ajibu kwa sentensi nzima, atoe sababu, asinong'one. Mzazi ana haki ya kukataa huduma za lugha, lakini kukataa hakumwondoi mtoto kwenye mtihani: ataufanya kila mwaka mpaka afikie kiwango cha jimbo.

Fomu ya kuchagua masomo ya mwaka ujao nayo inakuja Januari au Februari. Isiporudi, kaunsela anajaza mwenyewe, na mtoto mgeni anajaziwa yaliyo mepesi. Angalieni hesabu kwanza. Anayefanya Aljebra 1 darasa la 10 anaweza kumaliza Aljebra 2 darasa la 12 bila kuruka kitu. Akiwekwa kwenye hesabu za hiari mwaka mmoja katikati, ngazi imevunjika.

Kuhusu FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha za chuo, kwa wa darasa la 12: wengi mnasubiri kwa sababu mmesikia mwisho ni Juni 30. Hiyo ni tarehe ya serikali kuu, na kwenye fedha za jimbo haiwasaidii. Illinois na Kentucky fedha za jimbo zinatolewa mpaka ziishe, kwa hiyo anayejaza Januari yuko mbele ya anayejaza Aprili. Ruzuku ya Pell kwa 2025–26 inafika dola 7,395, na hairudishwi. Huo si mkopo, msikimbie. Mzazi asiye na namba ya hifadhi ya jamii anaweza kufungua akaunti yake StudentAid.gov. Kinachokwamisha ni jina: liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo kwenye hati, na sisi ndio wenye majina matatu yanayobadilisha nafasi kila ofisi. Mkimbizi aliyepokelewa rasmi na mwenye green card wanaruhusiwa. Texas na Illinois fomu hii ni sharti la kuhitimu, isipokuwa mzazi asaini karatasi ya kujitoa. Je, sharti hilo limo kwenye waraka? Limo. Sentensi moja.

Chakula nitapita haraka. Fomu ya chakula cha bure inajazwa kila mwaka, na mtu aliyepunguziwa saa za kazi baada ya sikukuu anaweza kuijaza hata leo. Shule ambayo watoto wote wanakula bure bado inaweza kuwaomba fomu ya kipato. Jazeni, kwa sababu kipato hichohicho ndicho kinachofungua msamaha wa ada ya SAT (mtihani wa kuombea vyuo) mara mbili, ada za kuomba vyuo, na punguzo la mitihani ya AP (masomo ya sekondari ya kiwango cha chuo), ambayo mwaka 2025 ilikuwa dola 99 kila mmoja.

Chanjo: Kentucky wanataka dozi ya pili ya homa ya uti wa mgongo mtoto akifika miaka 16, Iowa akifika darasa la 12. Kwa Kentucky, anayetimiza miaka 16 likizoni, kadi yake imepitwa na wakati bila ninyi kujua.

Mahudhurio: utoro sugu ni kukosa asilimia 10 ya siku. Kwa mwaka wa siku 180 hizo ni 18, zenye ruhusa na zisizo na ruhusa kwa pamoja. Aliyesafiri Bujumbura au Mombasa akarudi Januari 20 ameshakula karibu wiki mbili. Kentucky siku 3 bila ruhusa, au kuchelewa mara 3 bila sababu, tayari kisheria ni utoro. Sita ni utoro wa mazoea. Kukaa sana bila taarifa kunaweza kufanya jina lifutwe, na hapo ni kuandikisha upya. Barua ya safari ipelekwe kabla ya kuondoka, na ipokewe kwa maandishi.

Sasa upande wetu, maana lawama si za shule peke yake. Namba za simu zinabadilika kila promosheni mpya, shule inabaki na ya zamani, simu ya "mwanao hakufika kipindi cha tatu" inapigwa kwa mtu asiyemjua mtoto wako. Akaunti ya mzazi ya kufuatilia alama na mahudhurio mtandaoni, iwe PowerSchool au Infinite Campus, imefunguliwa na mtoto, nywila anayo yeye, na barua pepe iliyosajiliwa ni ya kwake. Hapo mnafuatilia nini? Nendeni ofisini na kitambulisho, muombe namba mpya ya kufungulia akaunti ya mzazi.

NYONGEZA, baada ya maswali mengi ya inbox:

Waliouliza waanzie wapi: andikeni barua pepe kwa kaunsela, kwa Kiswahili. Ndiyo, kwa Kiswahili, kazi ya kumtafuta msomaji ni yao. Ombeni vitu vitatu: transkripti isiyo rasmi, karatasi ya kuhakiki krediti za kuhitimu, na kikao chenye mkalimani, simu inatosha. Barua pepe ina tarehe, maongezi ya koridoni hayana. Zikipita siku tano za masomo kimya, ipelekeni ileile kwa mkuu wa shule. Kumbukumbu za mtoto sheria inawapa hadi siku 45 kuwaonyesha, zaidi ya hapo wanawazungusha. Malalamiko ya ubaguzi yanakwenda Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ndani ya siku 180, lakini mwaka 2025 ofisi zake za kanda 7 kati ya 12 zilifungwa, kwa hiyo msikae mkisubiri. Ingieni kikao cha bodi ya shule, mjiandikishe kuongea, na mdai mkalimani hapo pia.

Na kwa yule aliyeuliza kwa nini barua za shule zimeacha kuja kabisa tangu mwaka mpya: angalia tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kwenye hati za ukimbizi. Wengi wetu tuliandikiwa Januari 1. Kama mwaka huu ametimiza 18, haki ya kumbukumbu za shule imehama kutoka kwako kwenda kwake, katikati ya likizo. Asaini karatasi ya kukuruhusu, au wewe upeleke fomu ya kodi inayoonyesha bado unamtegemeza. Shule inaruhusiwa kukupa taarifa kwa msingi huo, ila hakuna atakayekukumbusha.