Vimelea vya malaria vinanifia maabara kila siku ya tatu, naomba ushauri wa wazoefu

MkaaMaabara:
Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionitangulia.

Nasoma shahada ya uzamili. Utafiti wangu ni kupima dawa za mitishamba dhidi ya Plasmodium falciparum, aina ya 3D7, lakini kwenye dawa zenyewe sijafika. Huu mwezi wa pili naotesha vimelea na vinaniishia mkononi.

Chakula chao ni RPMI 1640 (maji ya virutubishi) yenye HEPES na bikaboneti vya kudhibiti asidi, gentamaisini (antibiotiki) na Albumax (protini inayoshika nafasi ya seramu). Seli nyekundu ni za kundi O, asilimia 4 ya ujazo wa chupa. Inkubeta iko nyuzi 37. Hewa naipuliza kutoka kwenye mtungi: oksijeni asilimia 1, kabonidayoksaidi 3, naitrojeni 96.

Siku ya kwanza naona pete (vimelea vichanga) nzuri, nyembamba, kwenye asilimia 2 ya seli. Siku ya pili zinaanza kunenepa, halafu zinakwama. Badala ya skizonti (vimelea vilivyokomaa na kugawanyika) naona vidoto vya zambarau iliyokolea, vimesinyaa katikati ya seli. Juzi nimekaa kwenye darubini hadi saa nne usiku, nimehesabu seli 2,000, vilivyo hai vitatu tu.

Msimamizi wangu anasema nachafua chupa. Nimesafisha kabati mpaka mikono imebabuka. Mwenye uzoefu anisaidie, muda wa kuwasilisha unakaribia.

BintiDarubini:
Pole sana. Nikuulize kwanza. Chakula kinabaki na rangi gani, kinageuka njano? Kwenye kioo unaona bakteria? Damu ni ya mtu mmoja au inabadilika? Na tatizo lilianza lini hasa, maana umesema mwezi wa pili. Kabla ya hapo vilikuwa vinaota?

MkaaMaabara:
Ahsante dada. Chakula hakigeuki njano wala hakina ukungu, na bakteria sijawahi kuona. Kabla ya hapo vilikuwa vinaota vizuri tu! Tulikuwa tunatumia mshumaa ndani ya chombo cha kioo, kisha mtungi wa hewa ukafika tukahamia huko. Damu tunatoa sisi wenyewe kwa zamu, watu watatu, kibali cha maadili kipo. Miezi hii miwili imekuwa zamu ya mtu mmoja.

Pwani_Bio:
Achana na Albumax, weka seramu ya binadamu asilimia 10. Vimelea vinaipenda zaidi.

FundiGiemsa:
@Pwani_Bio, seramu ni nzuri, lakini aitoe kwa nani? Sisi tuliokulia kwenye mbu tuna kingamwili za malaria, na seramu yetu inaweza kuvizuia vimelea hivyohivyo anavyotaka kuvilea. Seramu ya kazi hii hutafutwa kwa watu wasiowahi kuugua malaria. Abaki na Albumax yake.

Mdogo wangu MkaaMaabara, mikono yako haina kosa. Uchafu ungekuonyesha njano, ukungu au bakteria. Vimelea vinavyoingia kwenye seli, vikaanza kukua, kisha vikakwama njiani vinanifanya niiangalie damu yenyewe.

La kwanza, dawa. Muulize mtoaji kama alikunywa dawa za malaria, yaani dawa mseto au SP (salfadoksini na pirimethamini), wiki za karibuni. Lumefantrini hukaa mwilini siku kadhaa, na salfadoksini ya kwenye SP hukaa zaidi. Osha seli mara tatu kwa RPMI tupu, na kila ukimaliza kuzungusha, nyonya kabisa ule utando mweupe wa juu, ndio seli nyeupe.

La pili ndilo ninalolishuku zaidi. Umebadilisha vitu viwili kwa wakati mmoja, hewa na mtu. Njia ya mshumaa, ambayo Jensen na Trager waliieleza mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya kufanikiwa kuotesha falciparum mfululizo pale Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, huacha oksijeni nyingi kwenye chombo: mshumaa huzimika ikiwa bado asilimia 15 na zaidi. Mtungi wako una asilimia 1. Kwa seli za kawaida hakuna shida, falciparum huizoea hewa hiyo. Lakini kama mtoaji ni mbebaji wa selimundu, yaani AS, mambo hubadilika. Mwaka 1978 Friedman alionyesha kwamba kwenye seli za AS vimelea hukua vizuri oksijeni ikiwa nyingi, na ikishuka hadi asilimia 1 mpaka 5 ukuaji huzuiwa. Ni kinga ileile aliyoiandika Anthony Allison, mtu aliyekulia Kenya, mwaka 1954, kwamba wenye AS hawazidiwi na malaria kama wengine. Kinga hiyo huenda iko ndani ya chupa yako.

Fanya hivi. Chukua damu ya mtu huyu na ya mwenzake mmoja. Kila damu igawe chupa mbili, moja kwenye mshumaa, nyingine kwenye mtungi. Anza zote na asilimia 0.5 ya pete, baada ya kuzisawazisha kwa sorbito asilimia 5 ili ziwe na umri mmoja. Soma vioo baada ya saa 24, 48 na 96. Ikifa moja tu kati ya nne, umepata jibu.

BintiDarubini:
Hapo hata mimi nimejifunza. Kuthibitisha si kazi: tone la damu, tone la sodiamu metabisulfaiti asilimia 2, funika, ziba kingo kwa vaselini, uangalie baadaye kama seli zimejikunja mundu.

Mama_Kliniki:
Wanangu, subirini kidogo. Huyo mwenzenu alitoa damu ya kuoteshea vimelea. Kupimwa selimundu hakukubali. Usiweke hilo tone kabla hujakaa naye faraghani ukamweleza, na akisema hataki, iwe hivyo. Damu yake muiache tu. Akikubali, majibu ayapate kwa mshauri, apimwe upya hospitali kwa elektroforesisi, kipimo kinachotenganisha aina za himoglobini. Hicho kipimo cha tone hakitenganishi AS na SS, yaani mgonjwa wa selimundu mwenyewe. Kama ana mpango wa kuoa au kuolewa, habari hii ni nzito kwake kuliko tasnifu yako. Na kwenye daftari andika namba, jina usiandike.

MkaaMaabara:
Shikamoo mama, nimekuelewa. Ningekimbilia kupima, nakiri. Nitafanya chupa nne kwanza.

MkaaMaabara (siku nane baadaye):
Wakuu, nimerudi. Baada ya saa 96, damu ya mtoaji 02 imefika asilimia 6 kwenye mtungi na 5 kwenye mshumaa. Damu ya mtoaji 03, yule wa zamu ya miezi hii miwili, kwenye mshumaa 4.8. Mtoaji 03 kwenye mtungi 0.2, na vile vidoto vilivyosinyaa vimejaa.

Dawa hajanywa tangu mwaka jana. Nilimweleza tukiwa wawili tu. Alinyamaza muda, kisha akasema mdogo wake wa kike alifariki akiwa na miaka minne, nyumbani walikuwa wakisema ni "maumivu ya mifupa", na hakuna aliyewahi kupimwa. Ameomba nimsindikize kliniki Alhamisi.

Msimamizi ameona vioo vyote na amekubali tutumie damu ya 01 na 02. Leo asubuhi nimegandisha mirija sita ya pete.

FundiGiemsa:
Hongera. Mirija igawe kwenye matangi mawili, moja likiishiwa naitrojeni ya kugandishia usianze upya. Na msindikize kweli hiyo Alhamisi.