Mume wangu hamtaji mtoto wetu aliyefariki: je, amemsahau?

Mama wa Bagira

Nawasalimu nyote, hasa mlio hapa Bukavu. Mtoto wetu wa pili alifariki kwa malaria akiwa na miaka minne, na bado hatujatimiza nusu mwaka. Wakati wa kilio nyumba ilijaa watu: majirani walilala nasi, akina mama wa kanisa walipika, hakuna aliyetuacha peke yetu hata usiku. Walipotawanyika ndipo nilipoona kwamba mimi na mume wangu hatuombolezi kwa namna moja. Mimi nataka kumtaja mtoto kila siku, yeye hamtaji kamwe. Alfajiri anakwenda kwenye karakana yake ya useremala, anarudi usiku, anakula, analala. Nikianza kulia anatoka nje. Siku ya mazishi hakudondosha chozi, na mawifi zangu wanamsifu kwa hilo. Mama mkwe naye anatuhimiza tuzae mwingine upesi ili pengo lizibwe. Nimeanza kumchukia mume wangu, nami naiogopa chuki hiyo. Je, mzazi anaweza kumsahau mwanawe upesi hivyo?

Mzee wa Kadutu

Pole, binti yangu. Mimi pia nilizika mtoto, nami sikulia mbele ya watu, kwa sababu tangu utotoni tulifundishwa kwamba baba akilia nyumba nzima inatetemeka. Usimhukumu kwa macho makavu. Siku moja mpelekee chakula kule karakana, ukae karibu naye akiwa anapiga randa, wala usimuulize lolote. Wanaume wengi tunaweza kusema neno la moyoni pale tu mikono inapokuwa kazini na macho yanapotazama ubao.

Mshauri wa Ibanda

Mama, poleni sana ninyi wawili. Kazi yangu ni kuwasikiliza waliofiwa, na swali lako nimeletewa na wake wengi. Mmefiwa na mtoto mmoja, lakini kila mmoja amempoteza kwa namna yake: wewe uliyemwogesha na kumlaza unamkosa saa zote za nyumbani, na huenda mumeo anamkosa mahali usipopaona.

Mwaka 1999 Margaret Stroebe na Henk Schut, watafiti wa Utrecht nchini Uholanzi, walieleza kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya pande mbili. Kuna saa anapouelekea msiba wenyewe, akalia, akakumbuka, akatazama picha. Na kuna saa anapoyaelekea maisha yaliyobaki, yaani kodi ya nyumba, ada ya shule na kazi za watu zilizoahidiwa. Pande zote mbili ni maombolezo, na anayeng'ang'ania upande mmoja tu huelemewa. Shida ya wanandoa ni kwamba mara nyingi hawapishani vizuri: mmoja anapohitaji kulia ndipo mwenzake anapokimbilia kazi, kisha kila mmoja anamwona mwenzake kuwa ndiye anayemzidishia uchungu.

Wapo watakaokuambia kwamba huzuni ina hatua tano na kwamba mumeo amekwama kwenye ile ya kwanza, ya kukana. Hatua hizo zilielezwa na Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969, baada ya kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Mimi sikubali zigeuzwe mtihani wa kumpimia mfiwa, achilia mbali mume ndani ya nyumba yake.

Nakuomba usimuulize kwa nini halii, kwa maana swali hilo tayari lina hukumu ndani yake. Mwambie unachohitaji: kwamba jioni ya leo ungependa kumtaja mtoto kwa muda mfupi, na kwamba yeye anaweza kunyamaza mradi akae. Muda ukiisha, mwachie nafasi atoke bila kumnunia. Kuhusu kuzaa upesi, uamuzi huo ni wenu wawili, na mtoto ajaye ana haki ya kupokewa kwa ajili yake mwenyewe, asije akabebeshwa nafasi ya marehemu.

Dada wa Nyawera

Hilo la mama mkwe usilibebe peke yako, dada. Mtafute shangazi wa mume anayeheshimiwa, aende kuzungumza naye kwa upole.

Mama wa Bagira

Asanteni kwa moyo wote. Jumapili nilimkuta mume wangu nyuma ya nyumba akisugua kambambili za mtoto, zile za buluu, kwa mswaki wa zamani, akitoa udongo uliokauka kwenye mishipi. Alipoona nimemwona hakuzificha. Nilikaa chini, tukanyamaza pamoja. Mshauri, nina maswali mawili: nitajuaje kwamba huzuni yetu imekuwa ugonjwa? Na huyu mkubwa wetu wa miaka sita, ambaye ndugu walimwambia kwamba mdogo wake amelala, nimwambie nini?

Mshauri wa Ibanda

Mama, kulia, kukosa hamu ya chakula, hata kuhisi kwamba umesikia sauti ya mtoto, si ugonjwa. Orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022 inataja huzuni ya muda mrefu pale ambapo shauku kali ya kumtaka marehemu inaendelea kwa zaidi ya miezi sita, ikipita kiasi kinachotarajiwa katika mila na dini ya mtu, tena ikimzuia kufanya shughuli za kila siku. Lakini mmoja wenu akianza kutamani kufa, au kuzama katika pombe, msingoje miezi itimie: tafuteni msaada siku hiyo hiyo. Hapa mjini kituo cha SOSAME hushughulikia afya ya akili, na kwenda huko hakumfanyi mtu kuwa mwendawazimu.

Mtoto mkubwa mwambieni ukweli, mkiwa wote wawili ikiwezekana. Aliyeambiwa kwamba kifo ni kulala anaweza kuogopa kitanda chake mwenyewe, au kungoja kila asubuhi mdogo wake aamke. Semeni kwamba amekufa, kwamba mwili wake uliacha kufanya kazi kwa sababu ya malaria kali, kwamba hatarudi, na kwamba wengi wanaougua malaria hutibiwa wakapona. Mhakikishieni kwamba si kosa lake, hata kama waligombana siku ile, kwa kuwa watoto wa umri huo hujilaumu kimoyomoyo. Atauliza tena kesho na keshokutwa, kwa maneno yale yale. Mjibuni kwa maneno yale yale.