Tumepima taka za nyumbani kwa wiki nzima: tuanzie wapi kuzipunguza?

Mpangaji wa Tabata anauliza:

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Naishi Tabata, Dar es Salaam, katika nyumba ya kupanga yenye kaya nne zinazotumia ua mmoja. Kwangu tuko sita: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto watatu, na yule wa mwisho bado anavaa nepi. Gari la taka hutakiwa kupita mara moja kwa wiki, lakini masika yakianza barabara yetu ya ndani huharibika, na kiroba kinaweza kukaa ukutani siku kumi na zaidi, kikivuja maji yenye harufu kali na kukaribisha panya. Ada tunalipa, na sikuja hapa kulalamikia ada. Kilichonileta ni kwamba mwezi uliopita niliamua kujua tunatupa nini hasa.

Niliazima mizani ya jirani anayeuza dagaa, nikatandika turubai uani Jumamosi jioni, nikamwaga kiroba chote na kuanza kuchambua nikiwa nimevaa glavu. Jumla ilikuwa kilo 22 kwa wiki moja. Kilo 15 zilitoka jikoni: maganda ya viazi, ya ndizi na ya machungwa, mashina ya mchicha, machicha ya nazi, ugali uliobaki na wali uliochacha. Nepi zilikuwa kilo 4. Zilizosalia zilikuwa chupa za maji, vifuko vya nailoni vya sukari na unga, maboksi na majivu. Kilichoniumiza zaidi kilikuwa mkate mzima ulioota ukungu, pamoja na nyanya zisizopungua ishirini tulizonunua kwa sababu siku ile mafungu yalikuwa ya bei nafuu. Mama yangu alizitazama zile nyanya, akaingia ndani bila kusema neno.

Naomba msaada wenu. Ua wetu umesakafiwa kwa saruji na hatuna hata kipande cha bustani. Je, taka za jikoni tuzifanyeje? Na hizo nyingine, ambazo baadhi ya majirani huzichoma nyuma ya choo kila jioni, zina njia gani?

Mwalimu mstaafu, Mbagala:

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo ambalo wengi wetu hatujawahi kulifanya, yaani kuitazama taka kabla ya kuitupa, na hesabu yako imekwisha kukuonyesha pa kuanzia. Theluthi mbili ya mzigo wako ni chakula na maganda yake. Ukizitenga hizo, hata kile kiroba kitakachobaki, ukiacha nepi, hakitavuja wala kunuka, kwa sababu karatasi na chupa peke yake hazinuki. Kinachozichafua ni mchuzi na maganda vilivyochanganywa nazo. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya mengine yote, ni kuweka vyombo viwili jikoni, kimoja cha taka mbichi na kingine cha taka kavu, na kila mtu wa nyumbani, hata mtoto wa miaka minne, afundishwe kipi ni cha nini.

Hata hivyo usikimbilie kutengeneza mboji ya kilo 15, kwa kuwa ndoo zako zitajaa kabla ya wiki kwisha na utakata tamaa. Punguza kwanza. Nyanya zinazoanza kulainika zichemshe siku ileile, uzisage au uzipondeponde, uzipike na mafuta na chumvi mpaka maji yakauke, kisha uzihifadhi kwenye chombo safi chenye mfuniko. Kwenye jokofu zitakaa siku kadhaa, na usipokuwa na jokofu, zitumie kufikia kesho yake. Wali upimwe kwa kikombe kilekile kila siku, msikadirie kwa macho. Ukibaki, usiuache kwenye sufuria usiku kucha katika joto letu hili. Ukiwahi kuhifadhiwa pahali pa baridi, ndio kiporo cha asubuhi, lakini ukichacha hakuna anayepaswa kuula. Maganda ya viazi na ya ndizi muulize mfugaji wa mbuzi aliye karibu nawe, maana Tabata na Segerea hawakosekani, naye atatuma kijana na ndoo bila kukudai kitu. Machicha ya nazi ni chakula cha kuku. Vifuu vikauke juani, kisha viwashie jiko, kwani vinashika moto vizuri kuliko karatasi.

Kitakachobaki, nadhani kama kilo tano hivi, ndicho cha mboji, na saruji haizuii. Tafuta ndoo tatu za lita 20 zenye mifuniko, uzitoboe pembeni na chini kwa msumari uliopashwa moto, kisha uziweke juu ya matofali na kutanguliza beseni chini yake. Chota taka mbichi kipimo kimoja, ufunike kwa vipimo viwili vya kitu kikavu: majani makavu, vipande vya boksi lisilo na rangi ya kung'aa, au maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala. Kila baada ya siku tatu au nne geuza kwa mti ili hewa ipite. Ukisikia harufu ya kuoza, jua kwamba imezidi maji au imekosa hewa, nawe ongeza maranda na ugeuze. Usitie nyama, samaki wala mafuta, kwa maana hivyo ndivyo vinavyowaita panya. Katika joto la Dar es Salaam mboji huwa tayari kwa miezi miwili hadi mitatu, na utaijua kwa harufu yake, kwani hunukia kama udongo uliopigwa na mvua ya kwanza. Mimi napandia mchicha na vitunguu vya majani kwenye viroba vilivyokwisha unga, kumi na viwili kwa sasa, ukutani kwangu.

Mwenye duka, Sinza:

Nakubaliana na mwalimu kuhusu jikoni, lakini naomba niseme kuhusu zile kilo tatu za mwisho, kwa sababu sehemu kubwa yake hupitia mikononi mwangu.

Mteja akija kununua sukari robo, mafuta ya kupima na chumvi, huondoka na vifungashio vitatu ambavyo vitaishi nyumbani kwake kwa dakika chache tu. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara, na Zanzibar walitutangulia tangu mwaka 2006. Mitaro yetu ilipata nafuu inayoonekana kwa macho. Lakini ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, mingi yake imetengenezwa kwa nyuzi za plastiki, na anayenunua mpya kila anapokuja sokoni hajapunguza kitu. Ninao wateja ambao nyuma ya mlango wao ipo ishirini au thelathini, nao bado wanaomba mwingine. Kapu la ukindu la mama yako, kama bado lipo, linashinda mifuko hiyo yote.

Yupo mama mmoja wa mtaani kwetu ambaye kwa miaka mingi huja na kikapu chenye chupa ya mafuta, kopo la sukari lenye mfuniko na bakuli la unga. Kopo lile naliweka kwanza kwenye mizani likiwa tupu, nasoma uzito wake, ndipo namwaga sukari, na hajawahi kupunjwa hata gramu moja. Nawaomba wasomaji wajaribu, kwani wenye maduka wengi hatuna sababu ya kukataa. Vile vifuko tunavinunua kwa fedha zetu.

Kuhusu pakiti ndogo za sabuni na viungo, simlaumu anayeishi kwa kipato cha siku, maana hana fedha ya kununua kikubwa kwa mara moja. Lakini ninyi mko kaya nne katika ua mmoja. Changeni, mnunue dumu moja la sabuni ya maji mgawane kwa chupa zenu, na ukipiga hesabu kwa kila lita utaona ni nafuu kuliko pakiti.

Mama wa pacha, Kigamboni:

Kuhusu nepi, kaka, nimelea pacha kwa nepi za kitambaa mchana na za kutupa usiku tu. Khanga kuukuu mbili zilinipatia nepi kumi na sita. Choo cha mtoto hutangulia chooni, nepi inalowekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, inafuliwa asubuhi na kuanikwa palipo na jua kali. Ni kazi, sitasema vinginevyo, na palipo na shida ya maji gharama ya madumu lazima ihesabiwe. Kwa hiyo asibebeshwe mkeo peke yake, baba naye afue.

Mzaliwa wa Tabata:

Ndugu mpangaji, nafurahi kwamba swali hili limetoka Tabata, kwa sababu mtaa wetu una historia yake katika jambo hili. Sisi tulikulia kando ya dampo. Moshi wa taka zilizokuwa zikichomwa uliingia mpaka kwenye vyandarua, na wakazi walipochoka waliipeleka Halmashauri ya Jiji Mahakama Kuu, katika shauri la mwaka 1988, wakashinda. Jaji Lugakingira alieleza kwamba kuwavutisha watu moshi ule ni kuihatarisha haki yao ya kuishi. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, na wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani. Baadaye zikapelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Nasi tu wengi: Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu wa Dar es Salaam. Kila tunachokitoa mlangoni kwetu kinakwenda kukaa mlangoni kwa mtu mwingine, na zile taka za jikoni zikifukiwa chini ya rundo pasipo hewa hutoa gesi ya methani, ambayo hushika moto.

Ndiyo maana nawasihi majirani zako waache kuchoma plastiki. Moshi wake, hasa wa mabomba na nyaya za umeme, una sumu kama dayoksini, nao unapulizwa kwa watoto wanaocheza uani. Chupa zikunjwe, zikae kavu kwenye kiroba chao, apewe yule kijana anayepita kukusanya, ambaye huziuza kwa kilo. Chupa yenye mabaki ya uji humharibia mzigo. Isuuze kwa maji uliyooshea vyombo, inatosha.

Kwa heshima, mwalimu, naomba niongeze tahadhari moja. Si kila chombo kinafaa kurudiwa. Ndoo iliyokuwa na rangi ifae maua tu, isiwekwe maji ya kunywa wala togwa. Chombo cha dawa ya wadudu kisitumike tena kwa lolote, hata kikioshwa mara kumi. Na zile chupa laini za maji zisitiwe mafuta ya moto wala chai. Kwa vitu vya moto tumieni chupa za kioo au vyombo vya bati na chuma.

Mwalimu mstaafu, Mbagala:

Umenisahihisha vyema. Nami mboji yangu ya mboga haipiti kwenye ndoo za rangi, natumia zilizokuwa na mafuta ya kupikia, na nilipaswa kulisema hilo tangu mwanzo.

Mpangaji wa Tabata:

Nimerudi baada ya wiki tatu. Shikamoo tena mwalimu, na asanteni nyote.

Jumamosi nilimwaga kiroba kwenye turubai lilelile na kupima kwa mizani ileile: kilo 9. Kijana wa mbuzi anatoka Segerea kila baada ya siku mbili. Nepi za kutupa zimebaki za usiku tu, na kufua tunapokezana. Kaya mbili kati ya zile tatu zimekubali kuchangia dumu la sabuni. Ya tatu bado inachoma taka zake, na nitakwenda kuzungumza na mzee mwenyewe kwa utaratibu, pengine nikiongozana na mama, kwa kuwa wanasalimiana vizuri.

Ndoo ya kwanza ya mboji ilitoa harufu siku ya tano. Nilipoifungua niliona maganda ya machungwa yamegandamana chini, yamelowa. Nikaongeza maranda, nikageuza, na kufikia keshokutwa yake harufu ilikuwa imekwisha. Swali langu lililobaki ni hili: kuna funza wanene wa rangi ya kijivu wanaojitokeza juu kila ninapofunua. Niwaondoe, au niwaache?

Mwalimu mstaafu, Mbagala:

Waache, mwanangu. Kwa unavyowaeleza, nadhani ni funza wa nzi askari mweusi, nao wanakula yale maganda haraka kuliko mimi na wewe tungeweza kuyageuza. Wakizidi, wachote kwa kijiko uwapelekee kuku wa jirani, na uongeze maranda juu.