Maji mengi huishia wapi hasa?

Muulizaji: Habari zenu wadau. Nyumbani nakazana kila siku: bomba lifungwe mtu anapopiga mswaki, maji ya kufulia yatumike kupigia deki. Halafu nasoma kwamba kilimo huchukua takriban asilimia 70 ya maji baridi (yasiyo ya chumvi) yanayotolewa mitoni, maziwani na ardhini duniani kote. Je, juhudi zangu zinasaidia kitu?

Fundi mitambo: Zinasaidia, ndugu, ila tofautisha kuvuta maji na kuyamaliza. Nimefanya kazi kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Mtambo unaopitisha maji ya mto mara moja ili kujipoza huvuta mengi mno, kisha huyarudisha karibu yote, yakiwa na joto. Joto hilo hupunguza oksijeni, na samaki ndio wanaoumia, jambo linalonikera sana. Wenye minara ya kupozea huvuta kidogo, lakini sehemu kubwa hupaa kama mvuke. Shambani ni vivyo hivyo: maji yanayopitia kwenye majani hupaa, hayarudi mtoni.

Mkulima: Nakubaliana na fundi. Umwagiliaji wa matone hupeleka maji kwenye mizizi, na udongo wa katikati ya mistari hubaki mkavu. Tatizo ni kwamba wengi wakishaokoa maji hupanua shamba, na mto haupati nafuu yoyote.

Muulizaji: Asanteni. Basi nyumbani nianzie wapi?

Fundi mitambo: Chooni. Matangi mengi ya zamani humwaga lita 13 au zaidi kila unapovuta. Ya kisasa lita 6 au pungufu.